Cheti Kisiwe cha Wekesa

Nafula mwanangu,

“Programu huria ni ya kila mtu, lakini cheti lazima kiwe na mwenyewe.” Wekesa alisema hivyo Jumapili, akiwa amekaa kwenye kiti cha baba yako na kikombe cha chai yangu mkononi, na wewe ukaitikia kwa kichwa kabla hajamaliza sentensi. Nilikuona. Wiki nzima nimetembea na maneno hayo, nikiyajibu sokoni, nikiyajibu nikifua nguo, na sasa nayajibu kwa maandishi kwa sababu kila nilipoyajibu kwa mdomo nilishinda na kubaki peke yangu.

Si kweli. Ubaya wake ni kwamba si uongo mtupu. Ungekuwa uongo mtupu ningeuacha ujifie. Nusu yake ni kweli, na hiyo nusu ya kweli niliifahamu kwa gharama ya watu ambao hawakuwa na kosa lolote.

Kesho asubuhi unaondoka kwenda Nairobi. Leo uko Myanga kumuaga kukhu wako, na ninavyomjua mama yangu hatakuachilia kabla hujamaliza kuku. Mimi nimebaki hapa darasani, Kitale mjini, wanafunzi wamekwenda na mashine zimezimwa. Habari za sweta, za kufunga mlango, za watu wa Nairobi na za kwenda kanisani, baba yako amekwisha kukuambia na shangazi zako wamerudia. Sina la kuongeza huko. Nataka kuzungumza nawe juu ya sahihi yako.

Maana hiyo ndiyo Wekesa aliyoifuata nyumbani kwetu. Amekuajiri uwe mkuu wa mitihani katika kampuni yake, na unastahili. Sijawahi kufundisha mtu mwenye kichwa chepesi kama chako, na ningesema hivyo hata kama ungekuwa mtoto wa jirani. Kampuni inafundisha mafundi wa programu huria, inawatahini, inawapa cheti. Hilo peke yake halinikoseshi usingizi. Lakini kaunti zetu hizi mbili, ya huku Kitale na ya Bungoma, zimeanza kusema kwamba karibuni fundi asiye na cheti hicho hatagusa kompyuta ya hospitali wala ya ofisi ya umma. Na katika kanuni mpya ulizonionyesha wewe mwenyewe, zinazosubiri sahihi ya mkuu wa mitihani, imeandikwa kwamba hakuna atakayeketi mtihani ila aliyesoma darasa la kampuni. Weka mambo hayo mawili pamoja. Mlango wa kazi nzima utakuwa na bawabu mmoja, naye ndiye muuza tiketi.

Wewe unajua programu huria ni nini, lakini niache niseme kama ninavyowaambia wanafunzi siku ya kwanza. Ni programu iliyotolewa ikiwa wazi ndani na nje. Unaruhusiwa kuisoma, kuitengeneza ikiharibika, kuibadilisha ikufae, na kumpa mwenzako. Hakuna anayekudai ruhusa. Kwa watu kama sisi, ambao kila kitu cha maana kinatufikia kikiwa kimefungwa na ufunguo umebaki mahali pengine, jambo hilo lilikuwa kama kuambiwa kwamba mto unapita shambani kwako. Nililiamini kwa nguvu kuliko nilivyoamini mambo mengi ya kanisani, na padri alijua.

Ulikuwa mdogo tulipoanza Tongaren. Utakumbuka ghala la chama cha ushirika, kwa sababu ulikuwa ukilala juu ya magunia na kurudi nyumbani umejaa vumbi la mahindi. Kompyuta za pale zilikuwa za kuokota, na mimi na Wekesa tuliziwekea programu huria za kupokea mahindi na kuandika uzito. Mafundi wengine walianza kuja kujifunza, kutoka Bungoma, kutoka huku Kitale, hata wa kutoka milimani Elgon. Baadaye wakaanza kuulizwa huko waendako, wewe, nani amesema wewe ni fundi? Ndipo tukatunga mtihani.

Ninajivunia mtihani ule mpaka leo, na sitakuficha. Tulikuwa tunauharibu mtambo mmoja kwa makusudi, msimu wa mavuno, foleni ya wakulima ikiwa nje, kisha tunamwambia mtahiniwa atengeneze. Hakuna chumba cha siri. Aliyetaka kutazama alitazama, na wakulima walitazama sana kwa sababu mahindi yao yalikuwa yanasubiri. “Kijana, hiyo mashine inataka daktari ama inataka mganga?” Walikuwa wanawasema mpaka jasho linawatoka. Akimaliza, alilazimika kumweleza Mama Selina, mtunza ghala, kwa Kiswahili cha kawaida, nini kiliharibika na afanye nini kikiharibika tena. Mama Selina asipoelewa, hukupita. Hakuwa na habari ya kompyuta zaidi ya kazi yake, na wakati mwingine alikosea. Alimwangusha Kiprop, yule kijana mpole, kwa sababu tu alikuwa ananong’ona. Tuligombana naye, akakataa katakata. Akasema ati yeye hawezi kumpigia simu mtu asiyesikika. Kiprop alirudi mavuno yaliyofuata akiwa anaongea kama mnadi, akapita.

Watu walituuliza mtihani wa wazi hivyo utalindwaje, si watakariri? Tulikuwa tumeyaandika makosa yote tunayoyatumia na kuyaweka kwenye tovuti, pamoja na tiba zake. Mtu akiweza kukariri kila namna ambavyo mashine inaweza kuharibika, na akaweza kuzitengeneza mbele ya watu wenye haraka, mnyime cheti kwa sababu gani? Huyo ameshakuwa fundi. Hilo ndilo jibu langu kwa wale wanaoficha maswali. Lihifadhi, utalihitaji huko.

Sasa niingie kwenye ile nusu ya kweli.

Tulilewa neno “huria.” Sijui kama kuna watu wengine duniani wangeweza kufanya kosa tulilofanya. Mwashi asingelifanya, wala dereva. Sisi tulikuwa tumezoea kwamba kila tunachokitengeneza tunakitoa ili wengine wanakili na kukiboresha, basi tulipochora cheti nacho tukakitoa hivyo hivyo. Picha ya cheti, maandishi yake, mhuri, hata sahihi zetu mbili, tuliviweka kwenye tovuti na chini yake tukaandika kwamba yeyote anaruhusiwa kunakili, kubadilisha na kusambaza. Mimi ndiye niliyeandika mstari huo. Wekesa aliusoma, akacheka kwa furaha, akasema hakuna watu waaminifu kama sisi. Na ilikuwa kweli. Hakukuwa na ofisi, hakukuwa na mwenyekiti, hakukuwa na daftari la waliopita. Tulisema chama chenye mwenyekiti kitamzaa mwizi.

Huku Matisi kulikuwa na kibanda cha kuchapisha kadi za harusi. Nadhani ulikuwa unatumwa pale kununua kalamu. Walianza kuchapisha cheti chetu, na kwa sheria yetu wenyewe hawakuvunja sheria yoyote.

Unajua kwamba mtu mwenye cheti cha namna hiyo aliajiriwa kwenye zahanati moja upande wa Bungoma. Sitaitaja, wala yeye simtaji. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyehitaji kazi. Alijaribu kuweka toleo jipya la programu bila kuweka nakala ya akiba, na kumbukumbu za wagonjwa zikapotea zote. Unalijua hilo kama habari. Sikuwahi kukuambia nilichokikuta.

Tulikwenda mimi na Wekesa. Ilikuwa siku ya kliniki ya wenye sukari na presha, na benchi lilikuwa limejaa kina mama wenye vitambaa kichwani, wametulia, kila mmoja na kikadi chake chenye jina tu. Dawa zao na vipimo vyao vilikuwa ndani ya mashine. Wekesa alikaa chini akafungua ile seva, akahangaika nayo, na mimi nikamwona mgongo wake ukianza kulegea, nikajua hakuna kitu. Nesi alisimama nyuma yetu. Alikuwa msichana wa umri wako wa sasa. Hakupiga kelele. Aliniuliza, “Mama, niwaulize nini hawa? Niwaulize kama wanakumbuka rangi ya kidonge?”

Na ndivyo alivyofanya. Aliwauliza rangi ya kidonge, mmoja mmoja, na sisi tukisikia.

Baada ya hapo tuliitisha mkutano Bungoma, katika ukumbi wa kanisa tuliokuwa tukipewa. Wekesa alikuja na karatasi alizoziandaa. Alitaka chama chetu cha mafundi kiandikishwe, jina la cheti lilindwe, kuwe na orodha ya waliopita, na kuwe na watu wachache waliochaguliwa wenye uwezo wa kukiondoa cheti mikononi mwa wasiostahili. Nafula, alikuwa sawa. Karibu kila alichokisoma siku ile kilikuwa sawa. Alikosea mahali pamoja tu, alipopendekeza kwamba yeye mwenyewe ashike jina kwa muda mpaka chama kisimame. Mimi nikaliona kosa hilo moja nikalirukia. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi kuliko wote mle ndani, na nilikuwa nimetoka kuona benchi lile, na nilikuwa na aibu. Mtu mwenye aibu na mdomo mkali asipewe nafasi ya kuongea. Nilisimama nikamwambia, “Wekesa, ukitaka duka fungua duka, lakini usituambie ni kanisa.”

Watu walicheka mpaka wakapiga meza. Alikuwa rafiki yangu tangu chuoni; alishika mwavuli siku ya harusi yangu ili mvua isiniharibie nywele. Alikusanya karatasi zake pole pole, akazipanga kingo, akasema, “Sawa, Mama Nafula. Nitafungua duka.”

Akafungua. Na sisi tuliocheka hatukuandikisha chochote. Tulikutana tena, tukabishana kama kiongozi ni lazima, tukaahirisha, tukapungua. Mimi nikaandika makala magazetini kwamba lile la zahanati ni kosa la mwajiri ambaye hakumpima mtu wake. Makala ilisifiwa. Ilikuwa imeandikwa vizuri, na hakuna mama hata mmoja wa lile benchi aliyefaidika nayo.

Kwa hiyo usije ukadhani kwamba nakuandikia kutetea tulivyokuwa. Wekesa alipokuja Jumapili na sukari na yule jogoo, akasimama mlangoni akasema hakuja kuposa, amekuja tu kumwomba binti kwa kazi, nilicheka kweli, sikujilazimisha. Hata aliponichokoza kwenye chai nilimwacha. Si ulimsikia? “Huyu mama yenu alitoa cheti bure, bana, watu wakafungia mandazi.” Baba yako alimeza kicheko, nilimwona pia. Nilistahili. Na niseme haki: mtihani wa Wekesa si wa ovyo. Hauuzwi mlangoni. Aliyefeli amefeli. Anaweka orodha, na mwajiri anaweza kuuliza kama jina fulani limo. Yale yote niliyoyapiga teke kwenye ukumbi wa kanisa, ameyafanya.

Basi tatizo langu nini? Uliniuliza hivyo jikoni, ukisugua sufuria kana kwamba ndiyo iliyokukosea. Ukasema, “Mathe, wewe hutaki niwe na kazi. Unataka niwe na msimamo.” Sikukujibu, kwa sababu baba yako alikuwa amesimama mlangoni, na kabla sijafungua mdomo aliniuliza polepole kama na wewe nitakufukuza kama nilivyomfukuza Wekesa. Nikaenda kuanua nguo.

Nakujibu sasa. Tatizo langu ni Barasa.

Unamjua Barasa wa Myanga, aliyefundishwa Tongaren, anayetunza kompyuta za ile shule ya msingi na za soko. Si fundi wa ajabu. Ana kiburi, anachelewa, na akiambiwa njoo Jumatatu anakuja Jumatano. Lakini mashine zake zinafanya kazi na nakala za akiba anaweka. Aliketi mtihani wa kampuni mara mbili, maana mpaka sasa bado wanaruhusu watu wa nje, akafeli mara mbili. Nilipokuuliza kwa nini, ulinionyesha maswali ya mfano, na ni wewe uliyeniambia, kwa uso wa kutoridhika, kwamba mengi yanauliza kitufe kipi kiko wapi kwenye programu ya kusimamia seva inayouzwa na kampuni yenyewe. Barasa hajawahi kuiona. Anafanya kazi ile ile kwa mkono, kwa amri zilizo kwenye kila mashine ya programu huria duniani. Umeona hapo? Programu ni ya wote, mtihani unauliza bidhaa ya mmoja. Na sasa kanuni mpya inataka asiketi kabisa mpaka anunue darasa, na kaunti inasema bila cheti asiguse mashine. Hakuna mtu aliyemfukuza Barasa kazini. Hakuna mtu aliyeifunga programu huria. Imebaki wazi kabisa, ila yeye hataruhusiwa tena kuisogelea.

Hivi ndivyo vitu huria vinavyofungwa siku hizi, mwanangu. Hawagusi leseni ya programu. Wanamgusa mtu.

Wekesa atakuambia, kama alivyoniambia mimi nikimsindikiza kwenye gari, kwamba darasa ndilo linalolipia mtihani, na bila darasa hakuna wa kulipa watahini. Hapo kidogo alininyamazisha, kwa sababu sisi tulitahini kwa kujitolea na kujitolea kukatuchosha. Nusu ya chama ilikufa kwa uchovu tu, haikufa kwa hoja. Mtahini lazima alipwe, nakubali. Lakini alipwe na mtihani, na ada yake ijulikane, na aliyejifunza kwenye ghala aketi sawa na aliyejifunza kwenye ghorofa. Mwalimu anayemtahini mwanafunzi wake mwenyewe, na kuwazuia wa wengine mlangoni, hata akiwa malaika atajikuta anafundisha mtihani na kutahini darasa. Sidhani Wekesa ni mwizi. Niliandika hivyo zamani, na Jumapili alinikumbusha, “Ati mimi ni mwizi? Si uliandika?” Niliandika. Simwoni hivyo tena. Ni mtu aliyeachiwa kazi ya watu wengi akaifanya peke yake mpaka akaizoea kama yake.

Wapo wanaosema basi serikali ichukue. Nilikwenda kwenye kikao kimoja cha namna hiyo Bungoma, nikakaa mchana kutwa. Ofisa mwenyekiti alitaka wanaotoa vyeti wawe na cheti cha kutoa vyeti, akauliza hicho nacho nani atakitoa, akasema tutaunda kamati. Hakuwa mjinga, alikuwa mtu anayeogopa kulaumiwa, na mtihani uliotungwa na mtu anayeogopa kulaumiwa hupima utii. Serikali iwe na kazi ya kusema cheti cha hospitali kiwe na masharti gani, kisha ikubali chochote kinachotimiza masharti hayo, kiwe cha Wekesa au cha mwingine. Ikianza kutaja cheti kimoja kwa jina, imemkabidhi mtu shamba la umma.

Na wapo wenzangu wa zamani, ambao bado wananipigia simu, wanaosema mafundi wajitahini wenyewe kwa wenyewe, wanajuana. Kujuana ndiko kunakonitisha. Tulipokuwa tumebaki wachache nilianza kuona fundi wa kanisa hili anampitisha wa kanisa hili, na mtu wa ukoo anamtetea mtu wa ukoo, wote kwa moyo mweupe.

Nikikaa nikafikiri ni nani hasa aliyefanya mtihani wetu wa ghala uwe mtihani, naona ni yule mama aliyekuwa na haki ya kusema sijaelewa. Hakuwa fundi, hakuwa mwalimu, hakuwa na cha kuuza. Alikuwa ndiye atakayebaki na mashine sisi tukiondoka. Na nikimkumbuka yule nesi, naona kwamba katika mkutano wetu wa Bungoma, tulipokuwa tukirushiana maneno juu ya nani awe mwenye cheti, hatukumwalika. Hata haikutupitia akilini. Mimi na Wekesa tulikuwa tunagombania kitu ambacho madhara yake yalikuwa ya mtu mwingine.

Kwa hiyo jina la cheti lishikwe na mfuko usiofundisha mtu na usiouza programu. Mezani wakae mafundi, ndiyo, na walimu, ndiyo, lakini wakae pia manesi na watunza maghala na walimu wakuu wa shule za vijijini, watu wanaoumia mashine zikiharibika, na wawe na kura ya kuangusha swali lililouliza bidhaa ya mtu. Maswali yawe wazi. Orodha ya waliopita iwepo, na njia ya kulifuta jina. Hivyo ndivyo ningesema kwenye ukumbi wa kanisa kama ningekuwa na akili ya leo na koo la wakati ule. Koo limekwisha. Ninapokea simu za watu wanaotaka nije nizungumze, na ninawaambia nina homa.

Sitaki uende huko kunipigania. Nimewaona watoto wa watu wanaopigana. Wanarithi maadui ambao hawakuwachagua. Unaruhusiwa kumpenda Wekesa, ulimwita Anko kabla hujajua kusoma, na ana mambo ya kukufundisha ambayo mimi sina, kama vile kumaliza kitu alichokianza. Unaruhusiwa kuamua kwamba nimekosea. Nina uhakika kuna pembe ya jambo hili siioni, kwa sababu kila nilipokuwa na uhakika wa pembe zote kulikuwa na mtu nyuma yangu akiuliza rangi ya kidonge.

Wala usinijibu kwa kusema utaingia kwanza, utie sahihi, halafu ubadilishe mambo ukiwa ndani. Nimelisikia hilo kwa watu waliokuwa wakali kuliko mimi. Sahihi ya kwanza ndiyo iliyo ngumu kuiondoa, kwa sababu baada yake kila utakachofanya kitakuwa kinaitetea. Na usijidanganye kwamba wewe ni kalamu tu, ati uamuzi umeshafanywa juu. Kama uamuzi ungekuwa umeshafanywa, asingetoka Nairobi na jogoo. Alikuja kwa sababu katika kaunti hizi mbili mafundi wanakujua wewe, wanajua umefundishwa wapi, na jina lako chini ya kanuni zile litawafanya wanyamaze. Hata Barasa atanyamaza. Atasema, kama Nafula amekubali, basi.

Najua utamwonyesha Wekesa barua hii. Mmezoea kuonyeshana vitu. Mwonyeshe yote, pamoja na pale nilipoandika kwamba alikuwa sawa, kwa maana sijawahi kumwambia na sidhani nitaweza kumwambia uso kwa uso.

Wekesa, ukiwa unasoma: fundisha, au tahini. Chagua moja, kisha ile nyingine uwakabidhi watu usiowalipa mshahara. Fanya hivyo mbele ya mafundi, Bungoma, katika ukumbi ule ule, na safari hii nitakaa nyuma na sitasema neno.

Na wewe, Nafula, keti kwenye kiti chako cha mkuu wa mitihani, tunga maswali mazuri kuliko yangu, na usitie sahihi kanuni zile mpaka awe amechagua.

Mama yako